Karatasi ya Kumtoa Mejumaa kwenye Gemu

Nyinyi mnaobaki kwenye chumba cha kufunga vidonda mliniomba, siku ya chai ya kuniaga, niseme maneno mawili. Nikasema asanteni, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mandazi yalikuwa yanapoa na watu walikuwa wanatazama saa. Sasa niko nyumbani Bongwe, mwezi wa pili huu. Jina langu lilikuwa kwenye ile orodha ya kupunguza wafanyakazi, na mkono wenyewe ulikuwa umechoka kabla ya orodha. Nimenunua daftari. Nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi zimepinda msijisumbue kuzinyoosha. Someni tu.

Ya vyeo sitaandika, kwa kuwa sikupata. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilifikishwa Msambweni nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sikuja kufanya kazi. Nilikuja na ukoma. Baba yangu, Omari Salimu, alinishusha pale walipokuwa wakitibiwa wagonjwa wa ukoma, akaniambia anakwenda mara moja Ramisi kununua sigara. Sigara hizo anazitafuta mpaka leo. Nilipona, alhamdulillahi, lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilibaki nusu. Nyumbani hakuna aliyekuja kunichukua, nikabaki palepale, nikawa nafagia.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mzee Ngome, mfunga vidonda, dresa kama tulivyowaita.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe unaogopa usaha?"

"Ninao wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umeshaajiriwa."

Alinifundisha kuchemsha koleo na mkasi, kukata chachi na kuikunja ili nyuzi zisiingie kidondani. Alinifundisha kulowesha bandeji iliyoganda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, hata ikichukua robo saa, badala ya kuivuta. Nyinyi mnavuta. Nimewaona. Na alinifundisha kukaa na mtu kabla ya kumgusa. "Daktari ana dakika mbili na huyu," alikuwa akisema, "wewe una nusu saa. Hiyo nusu saa itumie macho." Kwa vidole saba na nusu tatu nilikuja kufunga bandeji vizuri kuliko wengine wenye kumi, na ninasema hivyo bila haya.

Baadaye nilihamishiwa zahanati yetu, hapa kati ya Ukunda na Bongwe. Miaka mingi ilipita ya majeraha ya mapanga na ya baiskeli, ya watoto waliomwagikiwa uji. Hiyo naiacha. Ninataka kufika mwaka wa tisini na nane, kwa sababu huko ndiko nilikobaki mimi, hata kama mwili uliendelea kuja kazini.

Baada ya zile vurugu za mwaka uliotangulia, wageni waliacha kuja Diani. Hoteli zilifunga milango moja baada ya nyingine, na vitu vya ndani vikaanza kutoka: magodoro, mapazia, televisheni za vyumbani. Kuanzia Kona ya Musa mpaka huku kwetu hukutembea hatua mia bila kusikia risasi za vidio zikilia ndani ya banda la makuti. Athumani Bakari, aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja, alirudi nyumbani na televisheni nne na mashine za gemu. Akafungua ukumbi hatua chache kutoka zahanati, ukuta wa mabati, madirisha ameyaziba kwa magunia ili picha ionekane. Vijana wakamwita Athumani wa Gemu, naye akalipenda jina.

Sisi nasi tulipata televisheni moja, sadaka ya hoteli. Ikawekwa kwenye chumba cha kungojea, juu ya kabati la kadi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Niliishonea kitambaa cheupe chenye maua ya uzi mwekundu, na kila asubuhi nilikifunua kama mtu anayefunua sinia la harusi. Umeme wetu mnajua ulivyo. Picha ilikuwa inaruka, inapanda juu, inamemeteka nyeupe na nyeusi mpaka uipige kofi ubavuni. Niliipiga sana.

Kabla ya ukumbi wa Athumani kumaliza miezi mitatu, nilikuwa na wagonjwa wa aina mpya. Vijana wa miaka kumi na minne, kumi na saba, wenye malengelenge kwenye vidole gumba kwa kubonyeza zile pedi za gemu kutwa nzima. Niliwapaka ile dawa ya zambarau, na ukawa unaweza kusimama njiani ukamjua nani anacheza na nani anakwenda shule. Wengine walikuja na macho mekundu na kichwa kinachogonga. Wengine tumbo limefunga siku nne, maana walikuwa hawanywi maji wala hawatoki kwenda chooni wasije wakapoteza zamu. Nilimuuliza mmoja amekula nini tangu jana. Akasema, "Kashata." Nikamuuliza na juzi. Akafikiri sana, akasema, "Juzi nilikuwa naongoza."

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Kilonzo, tabibu kutoka bara. Sisi sote tulimwita daktari, na hakukataa. Hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo linalonichosha. Alifanya kazi kutoka asubuhi mpaka wagonjwa waishe, na kila aliyeanguka, aliyetapika au aliyetetemeka alimwandikia malaria. Mara nyingi alipata, kwa sababu huku malaria haikosekani.

Mejumaa aliletwa kwa mara ya kwanza nyuma ya baiskeli, siku ya soko, saa nne asubuhi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mtoto wa dada yake Athumani, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mjomba wake alikuwa amemtoa shule amsimamie ukumbi, maana vijana wa kiume wangewachezesha rafiki zao bure. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya zile televisheni nne na saa ya kengele mapajani, kila zamu ikiisha anazima. Wateja wakipungua alicheza mwenyewe. Hakuwa na la kufanya jingine mle gizani.

"Amepandisha," alisema Athumani, akipangusa jasho. "Alikuwa ameketi vizuri tu, mara macho yakageuka, akaanguka, mkono na mguu vinapiga. Vijana wakamnusisha kiatu."

"Kiatu kimesaidia?" niliuliza.

"Dada, hicho kiatu kingemwamsha maiti."

Mkumbuke hapa, kwa faida ya kazi: mtu akianguka hivyo, mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni, usimtie kitunguu puani, kaa naye mpaka arudi. Povu la kifafa haliambukizi. Nimelifuta kwa mikono yangu miaka yote hii, na nilichougua mimi sikukipata huko.

Kilonzo aliandika malaria, kwinini. Bibi yake Mejumaa, Bi Mwanasha, alisema ni pepo na ngoma ya kupunga itafutwe. Mimi nilifanya nilichofunzwa na watu wa kwetu, kwamba mgonjwa aliyezidiwa hupewa mahali pazuri kuliko wote. Nilimsogezea kitanda chumba cha kungojea, mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye televisheni. Nikawaondoa akina mama waliokuwa wamekaa hapo. "Mpisheni mwenzenu atazame, aburudike kidogo." Wakampisha, wakamwombea. Nikafunua kitambaa changu cha maua.

Alianguka tena kabla ya saa sita.

Kilonzo akasema ni malaria ya kichwani, akaongeza dawa. Mejumaa akalala pale siku tatu, na siku zote tatu niliiwasha televisheni kwa heshima yake. Alianguka mara nne. Siku moja umeme ulikatika kutwa nzima na hakuanguka. Bi Mwanasha alisema pepo limekwenda sala ya Ijumaa.

Mara ya pili aliporudishwa, wiki chache baadaye, nilikuwa nakunja chachi kando ya kitanda chake, na ndipo nilipoitumia ile nusu saa. Picha ilianza kuruka. Nikaona kope zake zinapepesa upesi upesi, na mkono wa kulia unashtuka, kidogo, kama wa mtu anayefukuza nzi. Nikainuka niipige televisheni kofi, kisha nikabadili, nikaifunika kwa kitambaa. Mkono ukatulia. Nikafunua. Ukashtuka. Nikafunika, na sikufunua tena.

"Mejumaa, mwanangu, unasikia nini mkono ukifanya hivyo?"

"Kama mtu ananivuta uzi, Bi Tumu. Kule kwa mjomba hunivuta mara nyingi, hasa gemu ya zile ndege zinapolipuka. Nikimwambia anasema nimechoshwa na kazi."

Nilikwenda kwa Kilonzo nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeokota kitu.

"Daktari, si malaria peke yake. Ni ule mwanga. Ukimemeteka, anaanza. Nimeufunika, akaacha."

Aliniangalia juu ya miwani. "Sasa mama, TV ndio inabeba mbu?"

"Sikusema mbu. Njoo utazame mwenyewe, ni dakika tano."

"Niko na watu arobaini hapo nje. Wewe funga vidonda. Ukianza kudiagnose mimi nitafagia?"

Na niwakumbushe kwamba Kilonzo alikuwa na kiti chake chenye mto kule kwa Athumani, cha kutazamia mpira kila wikendi. Sisemi ndiyo sababu. Ninasema kiti kilikuwapo.

Jioni nilikwenda ukumbini. Vijana kumi na tano hivi ndani, vidole vya zambarau, hakuna aliyegeuka. Mlangoni Mama Njeri, mama mmoja wa bara anayeishi kwenye mashamba ya walowezi, alikuwa akikaanga viazi.

"Assalaam aleikum, Athumani. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa dada yako. Mtoe humu. Mpe kazi yoyote, akuchotee maji, akupikie. Humu ndani ndimo anamougulia."

"Waaleikum salaam. Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe nani? Daktari Kilonzo amesema malaria. Mama yangu anasema pepo. Na wewe sasa unasema televisheni." Akawageukia vijana. "Jamani, kuna aliyeanguka humu kwa kutazama televisheni?"

"Mimi nilianguka kwa njaa!" mmoja akajibu, wakacheka.

"Kama ni televisheni, Bi Tumu, mbona hawa wote hawaanguki?"

Nilijua nilichokiona, sikujua kwa nini. Kijana mmoja, Saidi wa Mwabungo, nikamsikia nyuma akisema, "Anahesabu magonjwa ya wenzake, na vidole vyake mwenyewe hajui viko wapi." Wakacheka tena. Sasa Saidi anaendesha teksi na hunisalimia shikamoo. Nami huitikia marahaba, naendelea na njia yangu.

Lakini Athumani hakucheka. Alinisindikiza mpaka nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza, dada. Mimi si mnyama. Niletee karatasi ya zahanati, imeandikwa kwamba huyu asikae kwenye televisheni. Nitamwonyesha mama yangu, ngoma itaachwa, na msichana atatoka humu siku hiyohiyo. Bila karatasi nitawaambia nini watu? Kwamba nimemwachisha kazi kwa neno la mfagiaji?"

Karatasi tu. Nilirudi kwa Kilonzo siku ya pili, na wiki ya pili, na wiki ya tatu. Mara ya mwisho hakuinua hata kichwa. "Mama Tumu, siwezi kuandika kitu sijui. Ngoja daktari mkubwa akuje kutoka hospitali, muulize yeye." Daktari mkubwa alikuwa akija mara moja kwa mwezi, barabara ikipitika, na mvua za mwaka ule barabara haikupitika.

Kwa hivyo nilimpa Mejumaa ushauri wangu mwenyewe, kwa maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nilimwambia, "Ukiona mkono unaanza kuvutwa ule uzi, usingoje. Inuka hapo hapo, kimbia nje kwenye mwanga wa jua."

Alikuwa msichana msikivu. Siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri, mkono ulianza kuvutwa. Akaweka saa chini, akainuka, akakimbilia mlangoni kama nilivyomwambia. Ikamshika akiwa mlangoni. Akaangukia karai la Mama Njeri lililojaa mafuta yanayochemka.

Wale vijana, wengine walikuwa wanaume wazima, wenye nguvu. Walisimama ukutani. Hakuna aliyemgusa, kwa kuogopa povu. Namtaja Saidi wa Mwabungo, na namtaja Juma Tindo, aliyekuwa karibu kuliko wote na aliyeniambia baadaye kwamba alikuwa bado ana pedi mkononi. Athumani mwenyewe alikimbilia nyaya, moto usije ukashika makuti. Aliyemvuta Mejumaa ni Mama Njeri, kwa mikono mitupu, akaungua mpaka viwiko.

Mkono wa kulia, bega, na upande wa shingo. Kilonzo siku ile alifanya kazi kama watu watatu, na machozi yalikuwa yakimtoka, nimeyaona. Nayaandika kwa sababu yalitoka. Gari la kumpeleka hospitali lilikosekana siku mbili. Halafu alipelekwa, akakaa huko, akarudishwa kwetu kufungwa kila asubuhi.

Nilimfunga mimi. Maji ya chumvi, uvuguvugu, robo saa, bila kuvuta. Vidole vilikuwa vinataka kushikana, na nilimnyoosha kimoja kimoja kila siku huku nikimwekea chachi katikati. Alikuwa halii. Alikuwa akiniuliza mimi ninashikaje sindano kwa vidole vyangu, nikawa namwonyesha. Televisheni niliitoa chumba kile. Wagonjwa walinung'unika wiki nzima.

Daktari mkubwa alifika mwishowe, mwanamke mfupi, matope mpaka magotini. Nilimweleza niliyoyaona. Aliniuliza maswali sita au saba, yote ya maana. Akamwambia Mejumaa, "Wako watu wachache ambao ubongo wao haustahimili mwanga wa kumemeteka. Wenzako wanatazama na hawapati kitu, wewe unapata. Si kosa lako wala si pepo. Ukikutana na mwanga wa namna hiyo ghafla, usikimbie. Funika jicho moja kwa kiganja, geuza uso, kaa chini." Usikimbie. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika bakuli.

Akaandika vidonge. Kisha akachukua karatasi, akaandika mistari miwili: huyu asikae mbele ya televisheni wala michezo ya vidio. Akatia sahihi. Kilonzo alikuwa nje na mgonjwa, basi daktari akaninyooshea mimi ile karatasi, akasema, "Mama, igonge mhuri, nina haraka."

Nimefika ninapotaka kufika tangu ukurasa wa kwanza. Mhuri wa zahanati ulikuwa unakaa kwenye droo ya meza ya kadi. Ufunguo wa droo ulikuwa wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua asubuhi na kufunga jioni. Ulikuwa umening'inia shingoni kwa uzi, chini ya leso. Nilikuwa nao nilipokwenda kwa Athumani. Nilikuwa nao wiki zote zile nikimbembeleza Kilonzo. Kwa mistari miwili, darasa la tatu linatosha. Athumani hakuomba sahihi ya mtu fulani, aliomba karatasi ya zahanati. Nililiwazia jambo hilo, zaidi ya mara moja, na mkono ukafika kwenye droo. Nikaogopa. Nilijiuliza nikifukuzwa, nani atamwajiri mwanamke wa ukoma. Basi nikamwambia mtoto wa watu akimbie.

Nilifungua droo. Nikagonga mhuri. Nilipogeuka, Mejumaa alikuwa amekaa kitandani, mkono wake wazi juu ya taulo, akinitazama shingoni.

"Bi Tumu, huo ufunguo ni wako?"

"Ni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Alininyooshea mkono, nikamfunga, kidole kimoja kimoja. Athumani aliisoma karatasi siku hiyohiyo, akaikunja, akaniambia, "Si ningemtoa tu, dada, kama mngeileta mapema." Na nadhani alisema kweli.

Asubuhi ya pili nilichemsha vyombo, nikatayarisha maji ya chumvi, nikangoja. Hakuja. Wala kesho yake. Mama Njeri ndiye aliyekuja kuniambia, huku nikimfunga viwiko vyake. Mejumaa alikuwa anakwenda kufungwa Msambweni. Kila siku alikuwa akiondoka na bibi yake alfajiri, safari yote ile kwenda na kurudi, na mlango wetu alikuwa akiupita akiwa amegeuza uso upande wa pili.